Dikte ya Saa Kumi

Beni, komini ya Ruwenzori,
Jumapili, tarehe 9 Julai 2023

Mpendwa Mama Shalom,

Pokea salamu zangu nikiwa nimeketi kwenye meza ileile uliyoiacha. Ule mguu wake mfupi bado nauwekea kipande cha tofali. Uko mzima? Na mgongo wako? Mara ya mwisho uliniambia unakuuma kwa sababu ya kuwainua wazee wa kule unakofanya kazi. Na Shalom, mafua yake yamekwisha? Naambiwa huko Winnipeg sasa ni kiangazi, jua linachelewa kuzama mpaka watoto wanakataa kulala. Kama ni kweli, mpake mafuta vizuri. Ngozi ya baba yake ilikuwa ikipauka upesi.

Sisi huku tuko. Nikisema tuko, unajua maana yake. Goti langu la kushoto linanisumbua ninapotoka sokoni, lakini sokoni nafika. Wifi yako Jemima yuko Butembo, anamalizia mwaka wa pili wa uuguzi. Amekonda, anasema ni mtindo. Wazazi wako kule Luofu niliwapata kwa simu Jumatano, wazima wote wawili. Wamepokea familia moja iliyokimbia kutoka Rutshuru, watu saba, wanalala kwenye ile nyumba ya jikoni. Mama yako analalamika kwamba wageni wanapika maharage bila chumvi. Nilifurahi kumsikia akilalamika, maana mtu akiwa na hofu ya kweli hana nafasi ya chumvi.

Hapa mjini wiki mbili hizi hatujakimbia. Mashamba ya upande wa mashariki hatuendi tena, kakao inaiva na kuoza mtini. Askari wako wengi, wanapita, wanatusalimia kwa Kilingala, wanaomba maji ya kunywa, tunawapa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tunasalimiana vizuri mno. Tunaanza na hali ya hewa, tunamaliza na hali ya hewa, kisha mtandao unakatika na wote wawili tunashukuru. Karatasi haikatiki. Mwalimu Salomon, jirani yangu wa parsele ya tatu kutoka ua wangu, anakwenda Kampala likizo hii na amekubali kuitia posta huko.

Ninalo jambo moja tu, linamhusu Shalom na kifo cha baba yake. Usiiweke barua chini. Nitalifikia polepole, maana linaanzia kwenye Kiingereza.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilichoka kuwa koko, bibi, wa salamu moja. Shalom anapewa simu, anasema halo Koko, mimi nasema Shalom wangu, halafu tunasikilizana tukipumua. Mtoto aliondoka hapa hajatimiza miaka mitatu, akijua kuomba ugali na kufukuza kuku. Sasa ana tisa, Kiswahili kimemtoka chote, na hata Kifaransa chako umesema hakitaki. Sikulaumu. Kama mtoto haji kwenye lugha yangu, niliona ni mimi nitakayekwenda kwenye lugha yake, kwa goti hilihili.

Jemima akanifungulia kwenye simu ukurasa mmoja wa intaneti wa dikte, ile ambayo kwenye vitabu wanaita imla. Unabonyeza alama, sauti ya mwanamke inasoma sentensi ya Kiingereza, unaiandika, kisha ukurasa unakuonyesha jinsi ilivyopaswa kuandikwa. Huyo mwanamke jina lake silijui. Mimi namwita Madamu.

Sisi tuliosoma misheni ya Lubero tulifundishwa kwamba dikte inasomwa mara tatu. Mara ya kwanza unaweka mikono juu ya meza, unasikiliza tu. Mara ya pili unaandika, na neno lililokupita unaliachia nafasi, unaendelea mbele. Mara ya tatu unajaza nafasi. Makosa matano ni sifuri, na kila kosa unaliandika upya mara kumi. Ndivyo ninavyofanya na Madamu: nabonyeza mara tatu, ninanyoosha mikono, naandika kwenye daftari, najisahihisha kwa biki nyekundu. Jemima alinicheka mpaka akakaa chini.

“Mama, unaweza kufinya ata mara mia! Ile kitu hapana kuchoka!”

Nikamwambia najua haichoki, lakini mimi ningekuwa ninaiba.

Mwezi mzima wa mwanzo niliandika bila nukta wala mkato. Nilikuwa namngojea Madamu azitaje, kama walimu wetu walivyokuwa wakizitaja, virgule, point, point à la ligne. Hakutaja hata moja. Nilimwona ni mwalimu mvivu, na siku mbili sikumfungua kwa hasira.

Sentensi zake zinanishangaza hadi leo. Mke wa mkulima amepoteza mwavuli kwenye treni. Ndugu yangu hupenda chai kuliko kahawa. Basi la Jumanne limechelewa tena. Huko kwenu watu wanapoteza miavuli kiasi hicho? Treni sijawahi kuiona kwa macho yangu, lakini naweza kuiandika gizani. Mwaka mzima karibu unakwisha, na katika sentensi zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyekimbia kitu, isipokuwa basi.

Sasa nifike kwenye Noeli. Ulitupigia baada ya ibada. Shalom akashika simu, akasema halo Koko, kisha akauliza swali. Lilikuwa na maneno matano. Manne Madamu alikwisha kunisomea, na la tano nililitambua kwa sababu ya hayo manne. Aliuliza baba yake alikufaje. Wewe ukaichukua simu ukaniambia, Mama, anauliza kama mmekula vizuri. Nikajibu tumekula kuku. Ukamgeukia mtoto, nikakusikia ukimwambia kwa Kiingereza kwamba Koko anasema ilikuwa homa.

Neno homa nalijua. Liko kwenye somo la daktari.

Sikukuambia kitu siku ile, nilikutakia mwaka mpya mwema kama kawaida. Lakini niliumia, Léa, sitakuficha. Kwamba mtoto mdogo anaambiwa homa, hilo naweza kulielewa. Niliumia kwa sababu homa hiyo uliitia kinywani mwangu, na mimi nilikuwa nazungumzia kuku. Nilikaa jioni ile na simu iliyozimika, na nikaona kwamba nisipomwandikia Shalom mwenyewe kwa mkono wangu, atakua akijua sauti yangu tu na maneno ya watu wengine.

Basi dikte ikageuka kazi. Nilianza kuifanya kila siku saa kumi, nikitoka sokoni, kabla ya kuwasha moto. Ndiyo maana mwezi wa tatu nusura niuawe kwa ajili yake. Usishtuke, ninayeandika ni mimi.

Siku hiyo mvua ilishuka kwenye mabati, Madamu hasikiki. Nikaiweka simu isome na kurudia yenyewe, nikaitia ndani ya ile sufuria kubwa ya kupikia ugali wa msibani, maana ukifanya hivyo sauti inapanda. Mlango niliufunga ili maji yasiingie. Kwa mtu aliyekuwa nje, hali ilikuwa hivi: nyumba imefungwa, na ndani yake sauti ngeni inasema maneno machache ya Kiingereza, inanyamaza, inarudia yaleyale, inanyamaza tena. Umeishi hapa, huhitaji kuelezwa. Mtu anayesema kwa vipande akingoja katikati ni mtu wa motorola, ile redio ya wapiganaji. Na watu wa porini wanaotuua, kila mtu hapa anasema lugha yao ni ya ng’ambo ya mpaka, Uganda, wanakosema Kiingereza.

Mariette, yule muuza mkaa wa ua wa pembeni, alikuwa akikinga maji kwenye mchirizi wa bati, kichwa chake karibu na ukuta wangu. Akasikia. Akaingia kwake, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akaanza kupiga.

Utaratibu wa avenyu yetu haujabadilika tangu ulipoondoka. Mmoja akipiga, nyumba zote zinapiga, na wenye filimbi wanapuliza. Anayenyamaza ndiye anayetiliwa shaka. Mimi niliposikia vifuniko vinalia, nilifanya kama kila mtu. Nikaitoa simu ndani ya sufuria, nikaiacha mezani ikisoma, nikaibeba sufuria, nikatoka mbio uani, nikaipiga kwa nguvu zangu zote. Nilipiga mpaka nilipoona vijana wote wanaingia kwenye ua wangu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba adui niliyekuwa nampigia sufuria ni mimi.

Walikuwa kama kumi na wawili. Fimbo, panga moja, na mmoja ameshika jerikeni ndogo. Sikutaka kujua ndani yake mna nini. Unajua yaliyokwisha kuwapata watu mjini kwetu kwa shaka ndogo kuliko hiyo.

“Leta ile motorola!” akapiga kelele mmoja wao.

“Hapana motorola,” nikasema. “Ni masomo.”

“Masomo ya nani? Mwenye anasema kingereza mule ndani iko wapi?”

Ndani ya nyumba Madamu alikuwa bado anaendelea na habari zake za basi la Jumanne. Wakaingia watatu. Walitazama chini ya kitanda, ndani ya pipa la unga, nyuma ya pazia, wakamtafuta mwanamke wa Kizungu. Wakatoka na simu, wameishika mbali na mwili, kama panya aliyeshikwa mkia.

Aliyeniokoa kwanza ni Papa Maliro, mkubwa wa avenyu. Alifika na mwavuli wake, polepole, maana yeye hata risasi zikilia hakimbii, anasema moyo wake haumruhusu.

“Mumuache kwanza,” akawaambia. “Kama ni masomo, aandike, siye tuone. Mutu mumoja aende kuita Mwalimu Salomon.”

Salomon anafundisha Kiingereza sekondari, na yeye pia ni mtoto wa misheni. Alikuja na viatu vyake vya nyumbani, akaeleza kwa ufupi kwamba dikte ni sentensi kumi na kila sentensi ni mara tatu, akaniketisha kwenye kiti cha jikoni chini ya upenu, daftari magotini. Mvua ilikuwa ikipungua. Watu walijaa mpaka barabarani. Nasema kweli, nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ile jerikeni. Ya pili, nayo haikuwa ndogo, ni kuandika vibaya mbele ya Mariette.

Madamu akaanza. Nikanyoosha mikono, nikasikiliza. Nikaandika. Kwenye sentensi ya sita neno moja lilinipita, nikaliachia nafasi, na mara ya tatu nikalijaza. Watu walisogea karibu ili wasikie. Nadhani tangu nizaliwe sijawahi kusikilizwa hivyo na watu wengi namna ile.

Tulipomaliza, Salomon akatoa biki nyekundu mfukoni. Akasahihisha taratibu, neno kwa neno, huku watu wanalowa. Alisahau kabisa tuko wapi na kwa nini. Akainua kichwa, akatangaza kwa sauti yake ya darasani:

“Makosa kumi na ine. Zéro.”

Vijana wakasogea hatua moja. Kwao sifuri ilikuwa hukumu. Yule wa jerikeni akaihamishia mkono wa kulia.

“Mwalimu,” Papa Maliro akauliza bila haraka, “zéro ya nini? Ameandika ile mambo telefone inasema, ao hapana?”

“Ah, ile?” Salomon akashangaa kuulizwa. “Ameandika yote. Mais mubaya, mubaya kabisa! Kwanza hapana anaweka majuscule, ile herufi kubwa.”

Aliyecheka wa kwanza ni yule wa panga. Kisha wote. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo. Yule mwenye jerikeni aliimwaga karibu na choo. Tangu siku hiyo ananisalimia akitazama chini.

Mariette hakucheka. Alikuwa amesimama na mwiko wake, na aliona aibu, na aibu yake ilitoka kwa sauti ya ukali.

“Mama Kambere, na uzee huu, kingereza ni ya kufanya nini?”

Ningeweza kumjibu chochote. Lakini alikuwa ameniita Mama Kambere, kama wanavyoniita wote. Nikasema:

“Mutoto wa Kambere anauliza baba yake alikufa je. Hapana anajua luga ingine.”

Miaka hii saba kasoro nilikuwa sijawahi kulitaja jina la mwanangu na neno kufa kwa pamoja mbele ya watu. Kanisani walilitaja wao, mimi nilikuwa nimeinama tu. Nililia mbele ya avenyu nzima na sikuona haya.

Baada ya hapo Papa Maliro aliweka sheria. Dikte yangu ni saa kumi, mlango wazi, kila mtu ajue. Mariette alikuja kesho yake na gunia la mkaa, na kesho kutwa akaja na kiti. Sasa anakaa mlangoni kila siku, haandiki, anamsikiliza Madamu na kumtukana kidogo anaposoma upesi. Na Salomon kila Jumamosi ananisahihisha. Hajawahi kunipa zaidi ya nne kwa kumi. Anasema akinipa tano nitalegea.

Hivyo ndivyo nilivyoweza kuandika karatasi unayoiona katika bahasha ndogo. Ni ya Shalom. Ukurasa mmoja, umenichukua wiki nne. Bahasha sikuifunga, kwa sababu wewe ni mama yake na lazima uisome kwanza.

Nimemweleza mambo ninayoyajua. Kwamba baba yake alikuwa na nyayo kubwa, viatu vyake tulikuwa tunaviagiza Kasindi mpakani. Kwamba aliimba besi kwenye kwaya, na kila mara alipotea kwenye ubeti wa pili, akafungua kinywa bila kutoa sauti, akidhani hatujui. Kwamba hakupenda kahawa. Kwamba alimbeba yeye Shalom mabegani mpaka sokoni kwangu akimwita bwana mkubwa, na bwana mkubwa alimkojolea shingoni mara mbili. Hapo Salomon alinisaidia, maana Madamu hana sentensi ya namna hiyo. Kisha nikaandika kwamba asubuhi moja ya mwezi wa kumi baba yake, mama yake na yeye walikwenda shambani kuchuma kakao.

Hapo nikasimama. Neno la kufuata Salomon alinipa. Nililiandika mara kumi, nikalijua. Lakini kila nilipotaka kuliweka kwenye karatasi, niliona kwamba naandika kitu nisichokisikia. Mimi siku ile nilikuwa sokoni. Nilichokiona ni wewe ukirudi saa nane mchana na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Siku ya tatu waliniletea mwanangu amefungwa kwenye turubai, wakanikataza kulifungua, nikatii. Katikati ya hapo sijui kitu. Hujaniambia kamwe.

Na hukuniambia kwa sababu yangu. Nakumbuka nilivyokupokea pale uani. Sikukuuliza umeponaje, sikukupa maji. Nilikuuliza, “Umemuacha wapi?” Nikarudia mbele ya majirani. Nikarudia tena. Mara tatu, Léa. Baada ya hapo mtu atasema nini? Umebeba swali hilo Kasindi, umelibeba Uganda kambini, umelivusha bahari, na hata leo nikikuuliza hali ya hewa nadhani unalisikia hilohilo.

Basi sikia jambo ambalo ilinipasa kukuambia siku ileile. Ulikimbia na mjukuu wangu mgongoni, na ulifanya vema. Kambere mwenyewe angekupigia kelele ukimbie, kama hakupiga. Ningekuwa mimi ningekimbia vilevile, na ningepoteza viatu vyote viwili. Nilikukosea, nisamehe.

Jemima anakusalimu, anasema umtumie picha za theluji, siyo za chakula. Papa Maliro anakusalimu. Mariette anakusalimu na kukuomba usimcheke sana, ana moyo mzuri na masikio makubwa. Salomon anamsalimu Shalom, na anamwambia asome kwa bidii. Wape salamu zangu wale dada wa kanisa la huko waliokupokea siku ya kwanza na makoti.

Nimebakiza kukueleza jinsi karatasi ya Shalom ilivyo, ili usidhani nimechoka nikaacha. Katikati ya ukurasa, baada ya habari za kakao, utaona nafasi ya mstari mmoja. Nimeipima kwa rula. Chini yake barua inaendelea, namwambia kwamba baba yake amezikwa karibu na babu yake, kwamba kaburi nalipalilia, na kwamba atakapokuja tutakwenda pamoja. Huo mstari ni wako. Aliyesikia siku ile ni wewe.

Ukiandika homa, iwe homa. Mpe mtoto karatasi, nami sitakuuliza tena maisha yangu yote, na nitakupenda hivihivi. Lakini ana miaka tisa na ameanza kuuliza, na siku moja atamkuta mtu wa kwetu mwenye simu na kinywa kipana. Ningependa alisome kwanza kwa mkono wako.

Lolote utakaloandika, kabla ya kumpa Shalom, piga picha ya mstari huo unitumie. Usinipigie kunieleza, wala usinitafsirie. Andika kwa Kiingereza. Mimi kila siku saa kumi niko hapa mezani, mlango wazi. Nitausoma mwenyewe.

Mungu akupe usingizi mwema na mkono usiotetemeka.

Ni mimi mama yako, niliyekupenda bila kujua kusema,

Emérence Kaswera,
Mama Kambere